Fenesi la Zambarau

Ukutani ulibaki msumari tu.

Picha kongwe ya mfenesi, iliyochapwa Ulaya kwa wino mweusi kisha ikatiwa rangi kwa mkono, ilikuwa imetoweka sebuleni mwa nyumba ya wageni, Nyegezi. Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Shirika la umma lilikuwa limeiuza nyumba hiyo juzijuzi, pamoja na vijiko vyake.

"Mlinzi Yeremia yuko mahabusu tangu alfajiri," alisema mmiliki mpya, Nurdin. "Mzungu wa Nairobi aliyeinunua anaifuata picha yangu kesho. Nani mwingine angeiba?"

Inspekta Machibya alivua kofia. Alipiga magoti kwa heshima zote za Jeshi la Polisi, akanusa sakafu.

Sabuni.

Sakafu ilipigwa deki mpaka pembeni. Alama za vidole hakuna. Hata kiti alichopandia mwizi kilirudishwa mahali pake, na kitambaa chake cha kufuma kikanyooshwa. Machibya alishawakamata wezi wakatili, wezi walevi, na mmoja aliyesinzia kwenye eneo la tukio. Mwizi wa kupiga deki hakuwahi kumwona.

"Niitieni mtunza nyumba."

Mama Wilhelmina aliingia akijifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nani kapiga deki hapa?"

"Mimi."

"Kabla picha haijaibiwa, au baada?"

Mama Wilhelmina aliendelea kujifuta mikono.

"Jibu, mama."

"Kwani Yeremia amekula?"

"Hajala. Anasubiri jibu lako."

Wilhelmina alishusha pumzi. "Mwachieni. Picha iko chini ya godoro langu. Nilipoitoa, vumbi likamwagika. Ningeachaje sakafu chafu, na mgeni anakuja?"

Waliifungua kutoka kwenye shuka. Mafenesi yote yalikuwa ya kijani, isipokuwa moja la chini kabisa. Hilo lilikuwa la zambarau, rangi imevuka mstari.

"La Odeta wangu," alisema Wilhelmina. "Alipokuwa mdogo nilikuwa nakuja naye kazini. Siku moja kioo cha fremu kilikuwa kimevunjika, picha iko mezani, naye ana kalamu ya rangi. Msimamizi wa zamani alicheka tu, akasema liacheni. Mwaka uliofuata surua ikamchukua. Sina hata picha ya sura yake. Jana nikamsikia bosi kwenye simu: doa litasafishwa. Kuuza, auze. Lakini kumfuta mwanangu?"

Konstebo aliyekuja na Inspekta aliangalia dirishani.

"Basi nipeni mali yangu," alisema Nurdin, kwa sauti ya chini kidogo.

Machibya alivaa kofia, uso mkavu kama hati ya mashtaka. "Hiki sasa ni kielelezo, bosi. Hakiuzwi wala hakisafishwi mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Upelelezi unaendelea."

Kabla ya mchana Yeremia alikuwa nyumbani, anakula. Wilhelmina alipata dhamana, kwa sharti la kuripoti kituoni kila Ijumaa. Kielelezo kilitundikwa ofisini kwa Inspekta.

Mzungu alishachoka kusubiri. Wilhelmina bado anaripoti. Anaweka saini, anafuta vumbi kwenye fremu, anasimama kidogo mbele ya fenesi la zambarau. Na Machibya, akiulizwa na wakubwa, hujibu kwa masikitiko makubwa kwamba upelelezi haujakamilika.