Kona Isiyofagiwa

Majirani zangu wa Bunju, jambo hili mnalijua nusunusu, tena wengine mmelisikia likiwa limetiwa chumvi. Leo nalisimulia mimi, Mama Revelian, niliyeliona mwanzo mpaka mwisho, na pale nilipokosea sitajificha.

Mtaani kwetu siku huanza na fagio. Jua halijachomoza sawasawa, kila uani mafagio ya chelewa yanakwaruza mchanga. Hatubakizi jani. Uwanja ukiwa mweupe, na mistari ya fagio inaonekana, basi mama wa nyumba hiyo ni msafi na mabinti zake wataolewa. Kwa Mwanabaraka na mumewe, Mzee Mwinshehe muuza miche, mambo yalikuwa hivyohivyo, isipokuwa kona moja ya nyuma, chini ya mkorosho. Pale majani yalilala juu ya majani, na kila masika yalichomoza maua ya njano, saba tu.

Maua hayo ni okidi za porini. Yalikuwepo kabla viwanja havijapimwa, huku kote kukiwa msitu. Mtafiti mmoja wa mimea, Felicitas, alikuwa amezunguka mapori yaliyobaki upande wetu asiyaone. Alipoyakuta pale alipiga magoti, akafunua majani, akatuonyesha nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui.

"Hii ni kuvu, ndugu yake uyoga," alisema. "Mbegu ya okidi ni kama vumbi, mama zangu. Haina chakula ndani yake kama kunde au mahindi. Kuvu hii ndiyo inayoilisha mpaka itoe jani. Kuvu ikifa, mbegu haioti. Tafadhali msifagie hapa."

Akaondoka na ganda moja la mbegu, akaahidi kurudi mwakani kuzipanda palepale ziongezeke. Mzee Mwinshehe alifurahi utadhani kapata mjukuu. Mwanabaraka naye aliitikia, ila pembeni akaninong'oneza, "Mie naona ukungu tu, kama wa mkate uliolala."

Mwaka uliofuata, okidi zikiwa ndiyo kwanza zimechanua, habari zikaja kwamba familia moja ya Msasani inaleta posa kwa Shamimu, binti wa Mwanabaraka. Mzee alikuwa Rufiji kwenye msiba wa dada yake. Nikapita kuomba chumvi, na mdomo wangu mnaujua.

"Shoga," nikamwambia, "hao watu wa Msasani utawakalisha wapi, na jalala hilo?"

Nilisema kwa utani. Lakini utani wa jirani, kwa mwanamke anayengoja posa ya bintiye, si utani. Tena mimi nilijua zaidi ya wengine, maana kwetu Bukoba migomba tunaitandikia majani mwaka mzima, yaoze yailishe.

Kesho yake Mwanabaraka aliifagia kona. Akachoma majani, akamwaga maji ya moto yenye sabuni ya unga ili kuua ukungu. Okidi hakuzitupa, hakuwa na ubaya nazo. Alizing'oa, akaiosha mizizi ikatakata kama vyombo vya sikukuu, akazipanda kwenye makopo ya rangi na kuyapanga mstari mmoja. Nami, msinicheke, kabla hajamwaga maji niliomba makarai mawili ya ule udongo mweusi wa juu, nikaupeleka migombani kwangu.

Wageni walikuja Jumamosi. Jua lilikuwa kali, wakakaa sebuleni, wakanywa juisi ya ukwaju, wakaondoka. Uani hawakukanyaga.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya makopo, begi bado liko mkononi.

"Mizizi umeiosha?"

"Nimeiosha, Baba Shamimu. Ilijaa ukungu."

"Na majani?"

"Nimeyachoma."

Akaingia ndani na begi lake. Okidi zikaoza moja baada ya nyingine, hata moja haikufikia kutoa mbegu. Miezi ikapita, mzee anakula, anashukuru, anatoka, mkewe hamwiti hata kwa lile jina la Mama Shamimu. Mwanabaraka akakonda. "Bora angenitukana," aliniambia huku analia, "ningejua pa kuanzia." Niliumia sana, kwa sababu neno lililoanzisha yote lilitoka kwangu.

Felicitas alipokuja na kuona makopo matupu, alikaa kizingitini. "Mbegu za ule mwaka ninazo, nimezitunza chuoni," alisema. "Kuvu ndiyo sina."

Nikameza aibu. "Mzee, mimi ndiye niliyemwambia mkeo kwamba pale ni jalala. Halafu udongo wa jalala hilo nikauchukua mwenyewe. Uko migombani, sijauchimbua."

Mzee Mwinshehe akamgeukia mkewe. "Mama Shamimu," akasema, "lete karai."

Mwanabaraka alilifuata karai mbiombio, machozi yanamtoka.

Tuliurudisha udongo chini ya mkorosho, tukaufunika kwa majani makavu, Felicitas akanyunyiza mbegu na kutuonya kwamba huenda zisiote. Masika ya kwanza hatukuona kitu. Masika ya pili zikaota okidi mbili, kila moja na jani dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Siku hizi Mwanabaraka hufagia uwanja wote, na akifika kwenye kona ile, fagio ni la kufukuzia kuku.

FUNZO

Usafi ni jambo jema na dini inautaka. Lakini si kila kinachoudhi macho ni uchafu. Vingine vinalisha vitu ambavyo sisi hatuwezi kuvilisha, na vikishakufa, sabuni na makopo ya rangi havivirudishi. Kabla hujafagia kwa kuogopa macho ya watu, uliza kwanza pale panaishi nini. Hao watu wenyewe huenda wasifike uani.

Na wewe jirani mwenye ulimi kama wangu, pima utani wako. Okidi saba zilikufa kwa neno langu moja. Zimeota mbili, na maua bado hatujayaona.