Zamu ya Watoto

Kila asubuhi kipenga kililia, na wanawake wa kijiji kipya karibu na Manyatta wakaenda kuchimba handaki. Ilikuwa miaka ya Emajensi, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau. Nyumba zao za zamani zilikuwa zimechomwa na askari. Wao wakapangwa hapa safu kwa safu, watu wa kilima hiki na watu wa kilima kile, kama magunzi ghalani.

Nelius hakumjua mtu. Mume wake, Njagi, alikuwa kizuizini, na hakuna aliyemwambia ni wapi. Alibaki na binti yao Marigu, mtoto wa miaka minne.

Handaki lilizunguka kijiji, na chini yake palikuwa na vijiti vilivyochongwa vikali. Nelius aliogopa Marigu asije akaanguka humo. Basi kila asubuhi alimfunga mguu kitandani kwa ukambaa, ule mshipi wake wa kubebea kuni. Akamwachia kibuyu cha uji, akaenda.

Jioni alirudi mgongo ukimuuma. Alikuta uji umemwagika na mtoto amejikojolea. Alimpiga. Alimpiga mpaka mkono ukachoka, kisha akakaa mbali naye, akalia peke yake.

Safu nzima ilisikia. Hakuna aliyekuja. Katika kijiji kile, aliyeuliza habari za nyumba ya mwenzake aliitwa mpelelezi. Kuta zilikuwa za udongo mwembamba, lakini hofu ilizifanya jiwe.

Siku moja jirani yake Njura, aliyekuwa mkunga, akabisha.

"Hodi, Mama Marigu."

"Nani amekutuma?"

"Masikio yangu."

"Basi rudi nayo kwako! Waambie wakubwa wako Nelius hana kitu."

Njura akaenda zake.

Jioni ya pili, Nelius alipofungua ukambaa, aliona kidonda mguuni mwa mtoto. Kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Akanyoosha mkono akiguse. Marigu akaingia chini ya kitanda, akajikinga kichwa. Hakulia. Alingoja kupigwa.

Nelius akatoka mbio hadi kwa Njura.

"Njoo," akasema. "Mtoto wangu ananiogopa."

Njura alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunga kwa kitambaa safi.

"Nisipomfunga atafia handakini," Nelius alisema. "Na nisipompiga hatasikia."

"Amekwisha kusikia. Amesikia kwamba mama akirudi, maumivu yamerudi. Kumwaga uji si ukaidi, dada. Mikono yake ni midogo, na siku ni ndefu. Anataka mtu wa kumtazama na kuzungumza naye. Hata wewe unahitaji mtu kama huyo. Hasira yako si ya mtoto huyu."

"Ni ya nani?"

"Unawajua. Lakini wao wana bunduki."

Nelius akainamisha kichwa.

"Kule kwetu tulilima kwa irima," Njura akaendelea. "Leo shamba langu, kesho lako. Hapa nani ametukataza? Mmoja wetu abaki na watoto wote wa safu hii. Sisi wengine tumchimbie sehemu yake. Kesho abaki mwingine."

Asubuhi Njura na Nelius wakapita nyumba kwa nyumba, kisha wanawake wa safu wakamwendea Ndwiga, msimamizi wa kazi, kumwomba ruhusa.

"Handaki likipungua hata shubiri moja, mtaniona!" akafoka.

"Tunakuona kila siku, Ndwiga," Njura akajibu, "na bado hatujanenepa."

Wanawake wakacheka. Ndwiga akakuna kidevu.

"Haya. Mimi nitapima handaki tu."

Marigu hakufungwa tena. Lakini Nelius akirudi, mtoto hakumkaribia.

"Usimvute," Njura alimwambia. "Kaa chini umngoje. Hasira ikikupanda, mlete kwangu, wewe utoke upumue."

Nelius akakaa. Jioni nyingi alikaa hivyo mlangoni, peke yake, akiwatazama watoto wakicheza. Kidonda cha mguu kilipona upesi. Kile kingine kilikawia. Na habari za Njagi hazikuja.

Kisha siku moja mvua iliwachelewesha wachimbaji. Walipofika kwenye safu yao, mtoto mmoja alichomoka kati ya wenzake. Alikuja mbio matopeni, akampiga Nelius ngumi gotini.

"Umechelewa!" Marigu akapiga kelele. "Nimekungoja, nimekungoja!"

"Haya, umepata mnyapara mwingine!" Njura akasema.

Nelius akapiga magoti kwenye matope.

"Nimechelewa, mama," akasema. "Nisamehe."