Diski ya Saad

Haya yalimkuta rafiki yangu Shamte, fundi kompyuta wa Mitwero. Bi Maimuna alimletea laptopu yenye sauti ya marehemu mwanawe, Saad. Mara ilisoma diski, mara ilikataa.

“Sauti yake sina kwingine, mwanangu,” alisema.

Shamte aliifungua, akaisafisha, akabadilisha waya. Wapi! Akatoa betri, akaichomoa diski akaishika mkononi. Hapo mvua ikatanda, umeme ukakatika, kibanda kikawa giza tupu. Diski ikaanza kuzunguka kiganjani mwake, krr, krr. Alitaka kuitupa, vidole havikufunguka. Bi Maimuna akaanza kulia.

Kutoka kwenye ile laptopu isiyo na betri, sauti ya mwanamume ikasema taratibu, “Mama, mwambie aniachie.”