Mizunguko Mitatu Kwenye Changarawe

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chapchap, akaenda uani kugombana na baiskeli yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Lakini wiki hiyo alikuwa amenuna, na mama yake alianza kuukumbuka ule mdomo.

Mjomba wake, fundi baiskeli, kila likizo alisafiri kwa baiskeli siku mbili, njia nzima changarawe, kwenda kumsalimia bibi. Mwaka huu alikubali kwenda na Chiriku, kwa sharti moja.

"Funga mzigo mwenyewe," alimwambia. "Halafu zunguka uwanja wa mpira, ule wa changarawe, mara tatu, mzigo ukiwa wote. Ukishindwa mpaka Ijumaa, unabaki."

Jumatatu Chiriku alirundika kila kitu juu ya keria: blanketi, nguo, sufuria mbili, vitabu vinne na dumu la maji. Alipopanda, gurudumu la mbele likainuka kama punda mkaidi. Jumanne alibeba begi mgongoni, mabega yakawaka moto kabla ya mzunguko wa pili. Jumatano alining'iniza mizigo kwenye usukani, nao ukagoma kukata kona.

"Mwanangu, unasafiri au unahama?" mama aliuliza huku akicheka.

Chiriku hakuona cha kuchekesha. Alilipiga gurudumu teke, kidole chake kikaumia, hasira zikazidi.

Alhamisi mjomba alimwazima mifuko miwili ya kufunga kandokando ya gurudumu la nyuma. Chiriku akaishindilia mpaka ikafura. Kwenye kona ya kwanza akaanguka.

"Punguza," mjomba alisema.

"Hakuna cha kupunguza! Mbona huniambii tu nifunge vipi?"

"Nikikufungia, mzigo ukilegea njiani utajuaje kuufunga upya?"

Ijumaa Chiriku alichoka kushindwa. Alijaza mifuko magazeti makuukuu aliyoyakunjakunja, akaifunga vizuri, akazunguka uwanja mara tatu. Mjomba alikuwa akimtazama kutoka mlangoni mwa karakana yake, kando ya uwanja.

"Mzigo wote huo?" aliuliza.

"Wote, mjomba."

"Hongera sana! Kesho asubuhi tunaondoka."

Hongera hiyo haikuwa na ladha. Jioni Chiriku aliyatoa magazeti, akarudisha vitu vyake vyote.

Asubuhi waliondoka. Hata nusu saa haikupita, wakafika kwenye mteremko. Mfuko wa kulia, wenye sufuria na maji, ukaivuta baiskeli upande. Ikayumba, mkanda ukafyatuka na kuingia kwenye spoksi, gurudumu likakwama. Chiriku akajikuta chini, goti limechubuka.

Mjomba alimsafisha jeraha, kisha akachunguza gurudumu. Spoksi tatu zilikuwa zimekatika. Aliushika ule mkanda akatikisa kichwa.

"Nisamehe, mpwa wangu. Jana ulizunguka vizuri kabisa. Kosa ni langu, nimekupa mkanda uliochoka."

Chiriku angeweza kunyamaza. Mkanda haukuwa na mdomo wa kujitetea. Lakini kumwona mjomba akijilaumu kulimuuma kuliko goti.

"Mkanda hauna kosa," alisema, machozi yakimtoka. "Jana kulikuwa na magazeti tu, mjomba. Nilikudanganya."

Mjomba aligeuza baiskeli yake kuelekea nyumbani, na Chiriku akamfuata akikokota yake, amejikasirikia mwenyewe.

Karakanani, mjomba alitia spoksi mpya. Chiriku alimwaga vitu vyake vyote sakafuni, akashika kimoja kimoja akijiuliza kama kweli atakitumia. Vitabu vitatu na sufuria moja akaviweka kando, visisafiri. Maji ya dumu akayagawa kwenye chupa, na vitu vizito akaviweka chini kabisa mifukoni, akipima kwa mikono mpaka pande zote mbili zikalingana. Blanketi likakaa juu ya keria, na koti jepesi mbele.

Mzunguko wa kwanza baiskeli iliyumba. Alishuka, akahamisha chupa moja ya maji, akaanza upya. Ikayumba tena kidogo. Akashuka tena, huku akisonya. Mara ya tatu alimaliza mizunguko yote, jasho likimtiririka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na siku moja ya kukaa na bibi ilikuwa imeshapotea.

Mjomba aliutikisa mzigo kwa mkono, haukucheza.

"Kuanguka uwanjani si aibu," alisema. "Ndiyo maana nilitaka uzunguke hapa, uanguke karibu na nyumbani. Ulipoficha kuanguka kwako, ulikwenda kuangukia mteremkoni, na mimi nikakuamini. Leo ni goti. Ingeweza kuwa kichwa."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kilomita ya nne. Kesho tunaondoka tena, na safari hii nataka tufike kwa bibi."