Hodi Chini ya Bustani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi bomba. Mafundi mnawajua, lakini huyu akisema anakuja kesho, kesho yupo mlangoni kwako. Kwa hiyo namwamini.

Bustani ya mji wetu ilijengwa kuizunguka chemchemi. Zamani hakuna aliyechota maji pale bila kupiga hodi kwanza. Kisha manispaa ikaifunika kwa zege, ikapanda maua, ikaweka mabenchi, na hodi zikaisha.

Alasiri moja rafiki yangu aliitwa kuzibua bomba la bustani. Akafunua mfuniko wa chuma, akashuka na tochi yake. Giza lilikuwa zito, na hakusikia hata tone la maji. Kwa mazoea ya kuingia nyumba za watu, akatania, “Hodi wenyewe!”

Chini ya miguu yake kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeamshwa. Alipanda mbio, vifaa akaviacha hukohuko.

Alipofika nyumbani aliingia bafuni kunawa. Akafungua bomba. Maji hayakutoka. Ilitoka sauti, taratibu, kama ya mtu mwenye maji kooni:

“Hodi.”

Kabla hajafumbua mdomo, mkewe akaitikia kutoka jikoni, kwa uchangamfu wake wa siku zote:

“Karibu! Pita tu ndani, hatujafunga.”