Barua ya Msamaha ya Maige

Kibanda cha Mariana kipo Isaka, karibu na maegesho ya malori. Anapika wali na maharage, na madereva wanampenda. Wakienda kuoga, humwachia mabegi yao. "Mama Ritha, nishikie." Naye alikuwa anashika bila kuuliza.

Siku moja polisi walikuta bhangi ndani ya begi moja. Mwenye begi hakuonekana tena. Mahakama ya wilaya ikamhukumu Mariana kifungo cha miaka mitatu.

Mume wake, Maige, ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anaomba radhi. Siku nne baada ya hukumu aliandika barua kwa mahakama, akampelekea kwanza Sesilia, msaidizi wa kisheria wa Kagongwa.

Sesilia akasoma: "Tunaomba msamaha kwa kosa la mke wangu."

"Baba Ritha, Mariana alijua kilichomo kwenye begi?"

"Hakujua. Hakulifungua."

"Sasa mbona barua yako inasema amekosa?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani wakubwa wanaombwa hivyo. Tukikata rufaa, si tutaonekana wabishi?"

"Rufaa si ubishi, ni haki yake. Anamwomba Jaji wa Mahakama Kuu aipitie kesi upya. Lakini notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba atakata rufaa, inatakiwa ndani ya siku kumi tangu hukumu. Zimebaki sita. Mariana ataitoa hukohuko gerezani, kupitia kwa mkuu wa gereza. Mkishapata nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, mna siku arobaini na tano za kupeleka sababu za rufaa."

"Tukichelewa?"

"Mtaomba kuongezewa muda, na muwe na sababu ya msingi. Tusifike huko."

Kesho yake asubuhi Maige alifika gerezani kumweleza Mariana. Notisi ikaenda siku hiyohiyo. Nakala zilipotoka, Sesilia alizisoma zote. Hakuna shahidi aliyesema Mariana alijua kilichomo. Hiyo ikawa sababu yao ya kwanza.

Miezi ya kusubiri ilikuwa mirefu. Hatimaye Jaji akakubaliana nao. Akafuta hukumu, akaamuru Mariana aachiwe.

Siku aliyorudi kibandani, dereva mmoja alimsalimia kwa furaha, akamnyooshea begi.

"Lifungue kwanza, nione," Mariana akasema.

Dereva akacheka, akalifungua. Ndani mlikuwa na nguo na sabuni tu.

Maige akatokea nyuma ya kibanda, ameshika sufuria kubwa jeusi tii.

"Mke wangu, nisamehe."

"Kwa lipi tena?"

"Nimeliunguza sufuria lako."

Mariana alilitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hilo ndilo kosa, Baba Ritha. Hilo nimekusamehe."