Marehemu Aliyetoa Malisho

Waisiko alikuwa na ng'ombe wanne. Kila asubuhi aliwapeleka kwenye malisho ya kijiji, kule bondeni, kisha akarudi kupalilia mihogo. Siku moja alikuta seng'enge. Mlinzi akamwambia, "Mama, rudi. Hapa ni kwa Mheshimiwa Zablon."

Zablon alikuwa tajiri wa malori. Kwenye siasa za wilaya, neno lake lilikuwa neno. Ng'ombe wa Waisiko wakaanza kufungwa kamba nyuma ya nyumba. Maziwa yakapungua. Wiki ya sita, mmoja akafa.

Watu walinung'unika chini chini tu. Erasto, shemeji yake Waisiko, ndiye aliyesema sababu.

"Shemeji, tulikula fahali wake. Ukishakula cha mtu, utasimama wapi kumsema?"

Ni kweli, walikula. Mwezi wa pili, kabla ya seng'enge, Zablon alichinja fahali kijijini. Ili nyama igawiwe sawa, karani aliandika jina la kila kaya, na kila kaya ikaweka dole gumba. Hakuna aliyeuliza karatasi ile itakwenda wapi. Nyama ikinukia, nani anauliza karatasi?

Kisha akaja Efrazia, mwandishi wa habari wa redio kutoka Tarime mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Si mtu wa siasa, mama. Nachunguza malisho ya kijiji yamekuwaje mali ya mtu mmoja. Nimemuuliza Zablon mwenyewe, maana naye lazima asikilizwe. Anasema mlikubali kwenye mkutano. Amenipa na nakala ya majina."

Beatrice, binti yake Waisiko, aliipokea nakala ile, akasoma maneno ya juu: "Mkutano Mkuu wa Kijiji. Waliokubali kutoa malisho." Akashtuka. "Mama! Hii si ile orodha ya nyama?"

"Nimepita kaya kumi na moja," alisema Efrazia. "Wote wananinong'oneza hivyo hivyo. Lakini siwezi kutangaza minong'ono. Nahitaji ushahidi."

"Endelea kusoma," Waisiko alimwambia binti yake.

Beatrice alisoma jina moja moja. Alipofika katikati, akamtazama mama yake. "Nyangwine."

Nyangwine alikuwa mume wa Waisiko, na alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa. Lakini kaya ile bado iliitwa kwa Nyangwine, na siku ya fahali nyama ilitoka kwa jina lake. Dole gumba lilikuwa la Waisiko. Iliuma sana. Alikuwa amemsainisha marehemu bila kujua.

"Mume wangu hakutoa malisho," alisema. "Cheti chake cha kifo kipo sandukuni."

"Hicho ni ushahidi," alisema Efrazia. "Jina lako naweza kulificha. Uamuzi ni wako, usiharakishe."

Erasto, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, alitikisa kichwa. "Na yule fahali je?"

"Baba, nyama mlipewa, mkala," Efrazia alimjibu. "Ardhi ya kijiji haitolewi kwa nyama. Watu waelezwe kwenye mkutano mkuu, wakubali, na muhtasari uandikwe. Muhtasari huo mna haki ya kuusoma."

Waisiko aliogopa. Zablon alikuwa na watu kila mahali. Alikaa siku mbili akiwaangalia ng'ombe watatu waliobaki, mbavu zao zikihesabika. Siku ya tatu alimpigia simu Efrazia.

"Nitasema. Na jina langu ulitaje."

Redio ilitangaza habari ile, pamoja na majibu ya Zablon. Maofisa wakaja kutoka wilayani, wakakagua orodha na kukuta marehemu wanne. Watu wa kaya nyingine waliposikia hivyo, nao wakafungua midomo, Erasto akiwa wa kwanza. Zablon aliitwa kujieleza, na shauri lake bado linaendelea. Lakini seng'enge iliondolewa, na ng'ombe wakarudi bondeni.

Mwezi uliofuata kijiji kiliitisha mkutano wa kupanga matumizi ya malisho. Safari hii karani alisoma kwanza, kwa sauti, maneno yaliyoandikwa juu ya karatasi. Ndipo watu wakapanga foleni. Zamu ya Waisiko ilipofika, karani aliandika kwa mazoea: Nya...

Waisiko akaushika mkono wake.

"Andika Waisiko," alisema. "Nyangwine mwache apumzike."